Rosetta au A torinói ló: ipi itangulie?

Mtazamaji anayetaka kuzifahamu filamu za Ulaya zinazotengenezwa nje ya studio kubwa za kibiashara anaweza kuanza na Rosetta (1999), ya ndugu Jean-Pierre na Luc Dardenne wa Ubelgiji, au A torinói ló (yaani "Farasi wa Turin", 2011), ya Béla Tarr wa Hungaria.

Rosetta, iliyotunukiwa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, inamfuata msichana fukara anayeishi na mama yake mlevi na kutafuta kazi kwa udi na uvumba. Kamera inashikwa mkononi, karibu mno na shingo na mabega yake, wala hakuna muziki wa kutuelekeza mahali pa kusikitika. Kwa hiyo tunahema naye, na anapomsaliti rafiki yake ili apate kibarua cha rafiki huyo, tunalazimika kumwelewa kabla ya kumhukumu.

Tarr anakwenda kinyume. Kwa takribani saa mbili na nusu za picha nyeusi na nyeupe, zenye shoti (vipande vya picha visivyokatwa) kama 30 tu, baba na binti wanateka maji na kula viazi vya kuchemsha huku upepo ukivuma bila kukoma. Anayengoja kisa kisonge atachoka; anayetazama kwa makini ataziona siku zikitofautiana, na kisima kitakapokauka hatahitaji kuelezwa uzito wake.

Kwa mgeni, napendekeza Rosetta itangulie, kwa kuwa ni fupi na haja ya mhusika wake inaeleweka mara moja. A torinói ló, ambayo binafsi naipenda zaidi, itazamwe gizani, kwenye skrini kubwa, bila kukatizwa.