Noah ya zamani: maji ya kisima au kulanti?

Wenye gari za Toyota Noah za zamani huku Mtwara, hasa mnaopandisha familia kwenda Newala, msichukulie poa mambo ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Maji ya kawaida ni bure na ukikwama njiani yanakuokoa, sikatai, ila visima vingi vya huku pwani vina chumvi, maji yake yanakula chuma na kuacha ukoko mgumu mpaka njia za rejeta zinaziba, wota pampu inayozungusha maji nayo inafuata kuharibika, gari ikichemsha sana silinda hedi, kile kichwa cha injini, inapinda na hapo ni kufungua injini. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, ina bei lakini inazuia kutu na inachelewa kuchemka. Kama haijachanganywa weka nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Mi naenda na kulanti. Na mfuniko wa rejeta msifungue injini ikiwa ya moto jamani, mtaungua.