Saa ya Mkononi ya Kila Siku: Ipi Inastahili Fedha Yako?

Kila linapotoka toleo jipya la saa, wapenzi wa saa huanza kujadili rangi ya uso na umbo la kasha, ilhali mambo yanayoamua iwapo saa hiyo itaendelea kufaa baada ya miaka kadhaa ni mengine kabisa: mtambo uliomo ndani na urahisi wa kuutengeneza, aina ya kioo, na uwezo wa kuzuia maji. Kwa vigezo hivyo nimezipanga saa tano ambazo mnunuzi hukutana nazo sana anapotafuta saa nzuri ya kwanza. Bei ninazotaja ni za kukadiria, kama zilivyouzwa Marekani zilipozinduliwa. Madukani kwetu mara nyingi huongezeka kutokana na ushuru na faida ya muuzaji.

Nafasi ya kwanza naipa Casio Edifice EFK-100, iliyotoka mwaka 2025 kwa takriban dola 280. Casio imeuza saa tangu mwaka 1974, lakini hii ndiyo saa yake ya kwanza ya otomatiki, yaani isiyo na betri, ambayo kamani yake, yaani springi inayoiendesha, hujazwa na mwendo wa mkono wa mvaaji. Uamuzi ulionivutia zaidi ni kwamba kampuni haikubuni mtambo wake, bali ilichukua NH35 unaotoka katika familia ya Seiko. Mtambo huo umetumiwa na kampuni nyingi ndogo kwa miaka mingi, mafundi wanaufahamu, na ukichoka mara nyingi ni nafuu kuubadilisha mzima kuliko kuufungua na kuusafisha. Ukiongeza kioo cha yakuti samawi, ambacho hakichubuki kwa urahisi, na uwezo wa kuhimili maji wa mita 100, ni vigumu kupata saa nyingine ya kampuni kubwa inayokupa yote hayo kwa bei hiyo.

Ya pili ni Seiko 5 Sports ya milimita 40, ambayo bei yake haitofautiani sana na hiyo. Nayo huhimili mita 100, ina mtambo wa kutegemewa wa 4R36, na hupokea mkanda wowote wa kawaida wa milimita 20, iwe wa ngozi, wa mpira au wa kitambaa. Inapungukiwa katika kioo tu: kioo chake cha Hardlex ni kigumu kupasuka, lakini hupata mikwaruzo mapema kuliko yakuti.

Tissot PRX ya mwaka 2021 inashika nafasi ya tatu, na hapa nashauri toleo la betri, lililoanza kwa takriban dola 375. Toleo la otomatiki hutunza nguvu kwa saa 80, kiasi kwamba ukiivua Ijumaa jioni utaikuta bado inatembea Jumatatu asubuhi, na hilo ni jambo zuri kweli. Hata hivyo, kioo cha yakuti na kinga ya mita 100 vimo katika matoleo yote mawili, na nyongeza ya karibu dola 300 ni kubwa kwa mtu asiyevutiwa na mitambo.

Citizen Tsuyosa ni ya nne. Ina rangi za kupendeza na kioo cha yakuti, ila kwa takriban dola 450 kinga ya mita 50 ni ndogo. Ieleweke kwamba namba hizi hupimwa kwa shinikizo la maabara, wala si kina ambacho unaweza kuzama nayo. Saa ya mita 30 ni ya kunawa mikono na kunyeshewa, si ya kuogelea.

Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuiweka MoonSwatch ya mwaka 2022 mwisho. Watu walipanga foleni kuinunua kwa dola 260 kwa kuwa inafanana na Omega Speedmaster iliyofika mwezini mwaka 1969, lakini ni saa ya betri, ya mita 30, ambayo fundi hawezi kufanya mengi zaidi ya kubadilisha betri.

Anayehitaji kujua wakati tu asinunue hata moja kati ya hizi. Casio F-91W, iliyopo tangu mwaka 1989 na isiyofika dola 25, hukosea kwa kiwango kisichozidi sekunde 30 kwa mwezi, wakati mtambo wa 4R36 unaruhusiwa na mtengenezaji kuharakisha hadi sekunde 45 kwa siku moja.

Ukiwa dukani na EFK-100 au Seiko 5 mpya, vuta taratibu kitufe cha pembeni mpaka mwisho kisha tazama mshale wa sekunde. Ni lazima usimame papo hapo. Ukiendelea kuzunguka, mtambo uliomo si ule ulioandikwa kwenye karatasi, nawe umrudishie muuzaji saa yake.