Niliagiza kikombe, wakaniletea kikombe

Nilinunua tumbawe hai la kufuga kwenye tangi la maji ya chumvi, na haya ni maoni yangu kwa walioniuzia. Nianze na haki yao: kufungasha wanajua. Mfuko haukuvuja, maji yalifika bado yana uvuguvugu, tumbawe lilikuwa hai. Kwa hilo tu nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Sasa jina. Waliliuza kama "tumbawe kikombe", picha ya karibu mno isiyoonyesha kitu ila rangi ya chungwa, na maelekezo ya mstari mmoja: lipe mwanga mkali, mengine litajitegemea. Hayo ni maelekezo ya tumbawe ambalo jina lake la kisayansi ni Turbinaria, ambalo hufuga mwani mwilini mwake na kula kile mwani huo unachotengeneza kwa mwanga. Nililoletewa ni tumbawe jingine kabisa, Tubastraea! Hili halina mwani wowote. Limulike mchana kutwa. Usipolilisha uduvi, polipu moja baada ya nyingine (polipu ni kila kijinyama chenye mdomo kinachounda tumbawe), linakufa njaa. Yote mawili eti kikombe. Majuma yakapita, polipu zikanywea, mifupa myeupe ikaanza kutokeza pembeni, na wao wananiambia niongeze taa.

Nikamwandikia muuzaji, nikamwomba jina la kisayansi, basi. Jibu: "Kaka, unafuga jina au unafuga tumbawe?" Na vikatuni vya kucheka juu yake.

Hapo ndipo damu ilinichemka. Mwenyewe anajitapa kwamba mzigo wake unatoka ng'ambo. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na kibali hakiandikwi "kikombe". Kwa hiyo jina analo kwenye makaratasi, anamnyima anayelilisha!

Tena si kikombe peke yake. "Ubongo" kwao ni Trachyphyllia linalokaa mchangani kwa amani, na "ubongo" ni Platygyra pia, ambalo usiku hutoa minyiri (vijikono vyake vya kuchoma) na kumchoma jirani. Yale ya "chungu cha maua" angalau unaweza kuyatofautisha kwa kuhesabu: Goniopora lina minyiri 24 kila polipu, Alveopora 12.

Nilisema nyota nne? Mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya aliyefungasha. Ingawa, tangu nianze kulilisha usiku kwa bomba la sindano, limefunguka tena, na ni zuri kupita kiasi, siwezi kukana. Ningelinunua hata kesho, ila kwa mtu atakayeniambia ni Tubastraea kabla hajapokea hela yangu.