Tagrisso: kidonge kizuri, ila kipimo kwanza

Tagrisso (osimertinib) ni ya saratani ya mapafu yenye hitilafu kwenye jeni ya EGFR (jeni inayoamuru seli zikue), na hitilafu hiyo huonekana zaidi kwa wasiowahi kuvuta sigara. Hufanya kazi vizuri pale eksoni 19 (eksoni ni sehemu ya jeni) imemeguka kipande, au pakiwa na badiliko la sehemu moja tu liitwalo L858R. Kwenye hitilafu nyingi za kipande kuongezeka kwenye eksoni 20, dozi ya kawaida haifui dafu.

Wengi hukwama kwenye kipimo cha jeni hiyo. Cha damu kikitoka hasi hakimalizi ubishi, maana baadhi ya uvimbe hautoi DNA ya kutosha kwenye damu. Kinyama chenyewe (kipande kilichokatwa kwenye uvimbe) kipimwe. Tiba ya kinga (dawa za kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani) isiharakishwe kabla ya majibu kama hali ya mgonjwa inaruhusu: Tagrisso ikiifuata kwa karibu, hatari ya mapafu kuvimba hupanda.

Kumeza ni rahisi: kidonge cha mg 80 mara moja kwa siku, umekula au hujala. Asiyeweza kumeza asikisage. Akitie kwenye ml 50 za maji yasiyo na gesi, akoroge mpaka kisambaratike (hakiyeyuki chote, msishtuke), anywe papo hapo, kisha asuuze glasi kwa maji na kuyanywa hayo pia. Omeprazole, dawa ya asidi ya tumbo, haina neno. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, ndiyo adui: hulisukuma ini liichakaze dawa, kiwango mwilini kikashuka kwa asilimia 78. Anayetibiwa kifua kikuu amwambie daktari wake wa saratani mapema.

Kuhara na vipele vipo, ila kero inayodumu ni kucha. Nyama ya pembeni huvimba na kupasuka, hata kufunga kifungo kukauma. Zikate bila kuchimba pembe, paka mafuta mazito, vaa glavu ukiosha vyombo. Kikohozi kipya au pumzi kukata ni jambo jingine: simamisha dawa, wahi hospitali siku hiyohiyo. Moyo nao upimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kabla ya kuanza.

Katika utafiti wa FLAURA ugonjwa ulitulia kwa wastani wa miezi 18.9, dhidi ya 10.2 kwa gefitinib au erlotinib, dawa za zamani za kundi hilohilo. Hapo inastahili sifa. Lakini usugu huja: mara badiliko jipya la EGFR liitwalo C797S, mara jeni nyingine, MET, kujirudufu, mara saratani kugeuka kuwa ya seli ndogo (aina nyingine ya saratani ya mapafu), ambayo damu peke yake yaweza isiioneshe. Ugonjwa ukianza kukua tena, ombeni kinyama kipya kabla ya kubadilisha dawa.