Fundi wa Njombe aliyenirudishia hita kwenye Noah

Tangu mwezi wa tano Noah yangu ilikuwa inapuliza baridi tu. Nafungulia hita mpaka mwisho, feni inavuma, lakini hewa inayotoka ni ile ile ya nje. Mwezi wa saba Njombe ukitoka saa kumi na moja alfajiri bila hita, kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani. Mkono mmoja usukani, mwingine kitambaa. Nabeba walimu wenzangu watatu, kwa hiyo jambo hili lilininyima usingizi.

Gereji ya kwanza waliniambia hita imekufa, dashibodi yote ishushwe, laki nne na nusu. Nikaaga.

Mwenzangu akanipeleka kwa fundi mwingine, kibanda cha mabati chini ya mparachichi. Huyu alianza kwa kuuliza: "Mwalimu, geji ya joto huwa inafika wapi?" Nikamwambia haijawahi kuvuka robo, nami nilidhani hiyo ndiyo afya ya injini. Akafungua rejeta injini ikiwa ya baridi: maji yamejaa. Akawasha, tukasubiri kama robo saa, kisha akashika mipira miwili inayopitisha maji ya injini kwenye hita, akanishikisha na mimi. Yote vuguvugu. Mmoja ungekuwa wa moto na mwingine wa baridi, akasema, hita imeziba. Yote ikiwa ya moto na hewa bado ya baridi, tatizo lingekuwa kile kimlango cha ndani kinachochanganya hewa. Lakini vuguvugu kote, injini yenyewe haipati joto.

Akafungua nyumba ya thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Tupu! Mwenye gari wa kwanza aliitumia Noah hii Dar es Salaam, na inaonekana fundi wa huko aliitoa thamostati ili gari lisichemshe. Mafundi wengi hufanya hivyo, nami naomba waache. Bila thamostati maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na kwa baridi ya huku injini haifikii joto lake hata siku moja. Mafuta nayo yanaliwa zaidi.

Kabla ya kufunga thamostati mpya, inayofunguka kwa nyuzi 82, aliomba sufuria kwa mama ntilie wa jirani na kuitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Kisahani cha katikati kikasogea taratibu, upenyo ukaonekana. Alipoitoa ikajifunga yenyewe. Nimeendesha gari miaka kumi na moja, sikuwahi kuona hilo.

Alimwaga maji yenye rangi ya kutu, akaweka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, akapandisha pua ya gari kwenye kilima ili hewa itoke. Vifaa na ufundi, elfu tisini na tano.

Nilisubiri toka saa tatu hadi saa tisa, hakuna hata benchi, na risiti ni mpaka uombe. Bado nitarudi kwake.

Jumatatu tulipofika kituo cha pili wenzangu walikuwa wameshafungua makoti. Kitambaa cha kioo nimekitoa garini.