Mayai ya maji ya chokaa au pidan?

Mfugaji wa Moshi mwenye trei zisizouzika ana njia mbili za kuhifadhi mayai, zote za chokaa: maji ya chokaa, au pidan, yaani mayai yanayogandishwa kwa kemikali bila kupikwa.

Rahisi ni chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kuchanganywa na maji), isiyotiwa rangi wala saruji: gramu 30 kwa lita 1 ya maji, kwenye ndoo ya plastiki, maana alumini italiwa. Zamisha mayai ya leo yasiyooshwa. Ukiyaosha, utando unaolinda ganda unatoka. Hewa ukaa inayotoka ndani ya yai hukutana na chokaa, ikawa kalsiamu kabonati inayoziba vitundu vya ganda. Mahali pa baridi hukaa miezi 6 au zaidi. Ukitaka kuchemsha, toboa kwanza upande butu kwa sindano, la sivyo litapasuka. Ute haupandi vizuri kwenye keki.

Pidan ya Wachina hutumia chokaa isiyozimwa na sodiamu kabonati. Huzaliwa sodiamu hidroksaidi, alkali kali inayopenya ganda na kugandisha ute kuwa jeli ya kahawia, kiini kikawa kijani cheusi chenye harufu ya amonia. Alkali hiyo ikizidi, ute huyeyuka tena. Magadi ya sokoni hayafai kuchukua nafasi ya sodiamu kabonati: nguvu yake hubadilikabadilika. Na chokaa isiyozimwa ikiguswa na maji huchemka, macho yakawa hatarini. Kwa jiko la nyumbani, ndoo ya maji ya chokaa inatosha.