Kununua nyumba katikati ya Dar: ipi uitafute, ipi uisubiri, ipi uikimbie

Pita mitaa ya Ilala, Magomeni au Kariakoo utayaona maandishi ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Anayeyaandika mara nyingi ni mke, au mtoto wa marehemu, aliyesikia kwamba kuna mtu wa ukoo ameanza kuleta wateja usiku. Dalali atakwambia hayo ni ya zamani, yamekwisha. Mwulize yamekwisha vipi, na hukumu iko wapi.

Mwongozo huu ni wa raia anayetaka nyumba ya kuishi mjini kati. Mwenye mtaji wa kubomoa na kusimamisha ghorofa ana hesabu zake. Nimepanga aina za nyumba kuanzia ile ambayo ningemshauri ndugu yangu aitafute kwanza. Kipimo changu kikubwa ni kimoja: siku ukitaka kuuza au kukopa, karatasi yako itasimama? Marumaru na dari ya jipsamu hurekebishika. Karatasi mbovu huja na kaka zake wanne na wakili.

Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kukaa kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, 33, 66 au 99. Viwanja vya mjini vilipimwa zamani, kwa hiyo angalia hati ilianza lini. Ya miaka 33 iliyobakiza miaka mitatu haistahili bei ya ile iliyobakiza sitini.

1. Nyumba ya Kiswahili, kiwanja kilichopimwa, mmiliki mmoja aliye hai

Hii ndiyo namba moja yangu, na najua wengi watabisha. Ni ile nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo, bati limeshika kutu. Ilala na Magomeni bado zipo. Nje haina mvuto, lakini unachokilipia hasa ni kiwanja chenye namba, kitalu na ramani, karibu na kila kitu. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, mtu wa Magomeni Mapipa au Usalama anafika Posta bila gari, akipata nafasi ndani ya basi, na hilo nalo ni somo la peke yake.

Faida ya pili ni vyumba. Unaweza kukaa na familia upande mmoja wa korido na kupangisha upande wa pili, kodi ikasaidia kujenga uani. Ila ukinunua nyumba yenye wapangaji, kaa nao kabla ya kulipa. Uliza kila mmoja amelipa hadi mwezi gani na kwa nani. Kuna muuzaji anayekusanya kodi ya mwaka mzima Jumatatu na kuuza nyumba Ijumaa.

Sasa choo. Katika mtaa uliobanana, choo kina uzito kuliko sebule. Uliza kama nyumba imeunganishwa na bomba la majitaka la DAWASA au inatumia shimo. Kama ni shimo, liko wapi, na gari la kunyonya linalifikiaje? Nyumba nyingi zilijengwa na uchochoro wa kupitisha gari, kisha jirani mmoja akasogeza ukuta, mwingine akaweka kibanda cha chipsi, na leo hata mkokoteni haupiti. Hapo ndipo watu husubiri mvua kubwa watapishe, na majirani wa chini wanajua. Nenda mtaa huo mvua ikinyesha. Nenda tena Jumamosi usiku, maana kigodoro cha mtaa wa pili hakionekani kwenye picha za dalali.

Tafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja zilizowekwa na mpima. Kama muuzaji hajui ziko wapi, lipia mpima ardhi azitafute kabla ya mkataba. Kwenye viwanja vidogo vya mjini, futi tatu alizomega jirani ni chumba kizima.

2. Fleti yenye hati yake, Upanga au Ilala

Upanga ina mitaa yenye miti, Muhimbili iko hapo, shule zipo, na usiku kunatulia kuliko sehemu nyingi za mjini. Anayezeeka au mwenye mgonjwa nyumbani aiweke hii namba moja.

Tatizo ni kwamba fleti nyingi za zamani za Upanga na Kisutu hazina wa kukuuzia. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Aliyemo ndani ni mpangaji wa Shirika, hata kama familia yake imekaa hapo miaka hamsini na imebadilisha milango yote.

Fleti inayouzika kihalali ni ile yenye hati ya sehemu ya jengo, inayotolewa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Mwenye jengo akikuonyesha hati moja ya kiwanja chote na kukuahidi kwamba yako "inafuatiliwa", hujapewa fleti. Umemkopesha pesa bila riba. Hapa wanunuzi wengi huumia, kwa sababu jengo lipo, funguo zipo, wanahamia kabisa, na miaka inapita.

Hati ikiwepo, kinachobaki ni majirani. Ngazi, lifti, pampu ya maji, paa na maegesho ni mali yenu wote, hivyo ulizia chama cha wamiliki kinakusanya kiasi gani kwa mwezi na ni wangapi hawalipi. Panda juu kabisa ukaangalie tangi na paa. Shuka kwa ngazi hata kama lifti inafanya kazi: harufu ya ngazini itakwambia jinsi watu wanavyoishi humo. Fleti ya juu kabisa huuzwa nafuu, na dari yenye madoa ya njano ndiyo sababu.

3. Nyumba yenye leseni ya makazi

Manzese, Tandale, Buguruni: nyumba imegusana na nyumba, mtaa haukupimwa. Leseni ya makazi ni karatasi halali ya serikali, lakini ya muda mfupi, isiyozidi miaka mitano kisha unahuisha. Usiidharau. Kwa mwenye bajeti ndogo ni bora mara kumi kuliko mkataba wa mkono uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa pekee. Ninaiweka ya tatu kwa sababu benki huikubali kwa mikopo midogo tu, na barabara mpya ikichorwa, nyumba za mtaa usiopimwa ndizo za kwanza kuwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Ulizia kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupimwa ili wakazi wapewe hati, na kama mchango wa nyumba hiyo umelipwa. Mjumbe na mwenyekiti ni mashahidi wazuri wa nani alikaa wapi tangu lini. Asilimia kumi ya bei wanayoidai baadhi yao ili wakugongee muhuri, hiyo haina sheria nyuma yake.

4. Nyumba ya urithi, Kariakoo

Bei inawapa watu wazimu, kwa sababu kila kiwanja Kariakoo kinaonekana kama ghorofa ambalo halijajengwa. Na kila nyumba ya zamani ina warithi: wa Narung'ombe, wa Tanga, wa Muscat, na mmoja ambaye hakuna aliyemtaja hadi siku ya malipo.

Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Taka barua yake ya usimamizi, kisha nenda mwenyewe mahakamani ukaone jalada. Hakikisha jina lake limeingizwa kwanza kwenye hati kwa Msajili wa Hati. Halafu taka warithi wote wasaini, hata kama wakili anasema sahihi ya msimamizi inatosha. Dai la ardhi lina miaka 12 mbele yake kabla halijafungwa na sheria ya ukomo, na mrithi aliyekasirika ana subira.

Jambo jingine ni jirani. Ukikaa kwenye nyumba ya matofali ya zamani na kiwanja cha pili kikaanza kuchimbwa msingi wa ghorofa, kuta zako zitakuwa za kwanza kujua.

5. Fleti mpya juu ya maduka, Kariakoo

Kama biashara yako iko chini ya ngazi, sawa. Kwa familia, sishauri. Malori hushusha mizigo usiku, na tangu biashara ya saa 24 izinduliwe mwaka 2025 usiku wenyewe unazidi kufupika. Lakini hofu yangu kubwa ni jengo lenyewe. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024 likaporomoka jengo Kariakoo, tena saa za biashara. Taka kibali cha ujenzi na uhesabu ghorofa: kikisema nane na wewe unahesabu kumi, ondoka.

Nisizozipa namba

Kilemba, yaani pesa ya kumlipa mpangaji wa Shirika la Nyumba akupishe, hakikupi nyumba, kinakupa kitanda cha mtu mwingine. Bonde la Msimbazi, kuanzia Jangwani hadi Kigogo, nalo liache. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wakazi walihamishiwa Mabwepande, na hata baada ya hapo nyumba za bondeni ziliendelea kuuzwa kwa bei tamu kiangazi.

Siku ya kulipa

Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati wewe mwenyewe, wiki ileile ya malipo, uone kama kuna rehani au zuio. Mwenzi wa muuzaji aridhie kwa maandishi. Muuzaji ndiye anayelipa kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 kwa mkazi. Akitaka umpe "yake mkononi" maana yake wewe ndiwe unayelipa, basi ipunguze kwenye bei. Usikubali kuandika bei ya uongo kwenye mkataba ili kodi ipungue, kwa sababu mambo yakiharibika bei hiyo ndogo ndiyo utakayoidai mahakamani. Fomu namba 29, 30 na 35 za kuhamisha umiliki zisainiwe mbele ya wakili siku hiyohiyo, na sehemu ya mwisho ya pesa ibaki benki hadi hati itoke kwa jina lako.

Kabla ya kupokea funguo, nunua umeme wa elfu tano kwenye mita ya nyumba hiyo. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na yuniti zikija chache kuliko kawaida, deni la muuzaji limekwisha jionyesha.